Mtaalamu wa Nyundo ya Chini

Ukitaka kupoteza saa nzima ya maisha yako hapa Sanyuanli, mguse Protas kwenye habari za gobore. Ukimwuliza kontena lako limefika wapi, ingawa hiyo ndiyo kazi anayolipwa katika ofisi ya mizigo, atakujibu kwa neno moja. Lakini mwulize nyundo ya bunduki inatakiwa ikae wapi. Ataliacha robota limefungwa nusu, atapangusa mikono kwenye suruali, na hapo umekwisha.

Protas ni mtu wa Mpanda, ana miaka arobaini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia hapa Guangzhou, China. Imani yake ni moja. Gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, haifai kuwa na nyundo ubavuni kama walivyozoea wazee. Nyundo ikae chini ya mtutu, mbele ya triga, ipige fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, kwa kwenda juu. Hapo, anasema, jicho linaona shabaha bila kizuizi, cheche haziruki usoni, na vyuma vyake ni vichache mno kuharibika. Yote hayo ni kweli. Ubaya ni kwamba Protas hajapiga gobore hata siku moja, la ubavuni wala la chini. Enzi za ujana wake, baba yake akishika bunduki tu, yeye alikuwa anakimbilia nyuma ya jiko na vidole masikioni.

Elimu yake aliipata kitandani, VPN ya kuruka vizuizi vya mtandao wa hapa ikikubali, kwenye video za wazee wa Kizungu wenye ndevu na kofia za manyoya. Mwaka mmoja wa kutazama ukamtosha kuwa profesa. Kwenye kundi la WhatsApp la wapiga gobore wa jadi wa nyumbani, watu wenye vibali na mikono iliyoungua kwa baruti, akaanza kurusha sauti za dakika nane nane. Wakamwita mwalimu. Walikuwa wanamtania, lakini Protas si mtu wa kugundua utani, na jina akalipokea kwa unyenyekevu wa kuudhi.

"Papa Protas," alimwambia siku moja Henriette, mfanyabiashara wa Lubumbashi anayenunua majinzi kule mtaa wa Guangyuan Xilu, "huku hata bunduki ya plastiki ya mutoto inaleta mapolisi. Weye unaota bunduki ya nini?"

"Mama Henriette, hii si bunduki. Ni sanaa."

"Bon, hiyo sanaa ifunge marobota yangu. Nina avion kesho, ndege haingojeaka mutu."

Angeishia kuwachosha wateja, tungemsamehe. Lakini alikuwa na baba. Mzee Adrian, miaka sabini na miwili, alikuwa na gobore lake la nyundo ya ubavuni, kitako kimeng'aa kwa kushikwa, na kwa gobore hilo alikuwa ameshinda mara tatu katika mashindano ambayo wapiga gobore wa kwao hufanya kila mwaka baada ya mavuno. Kila Jumapili Protas alimpigia simu kumsomesha. Alimwambia mtu huyo, ambaye ameilisha familia nzima kwa bunduki, kwamba bunduki yake imepitwa na wakati. Mzee alikuwa akiguna, akiuliza swali moja moja, akimwacha aendelee. Miezi ikapita. Mwishowe akasema, "Haya, mwanangu. Nitaipeleka kwa fundi."

Protas alitangaza ushindi huo mpaka kwa laoban, Mchina mwenye duka la maboksi, ambaye alijibu "meiyou, meiyou", hakuna, akidhani anaulizwa bidhaa. Fundi akaziba tundu la ubavuni la kupachikia fataki, akatoboa la chini, akahamisha nyundo. Mwalimu hakuishia hapo. Akamwagiza mzee aache kupiga akiwa amesimama, mambo ya kizamani hayo. Bunduki ilazwe juu ya mfuko wa mchanga, na mfuko ukae karibu na triga, isicheze.

Siku ya mashindano, kwao saa nne asubuhi, huku kwetu saa tisa alasiri, Protas alikusanya watu kwenye mgahawa wa Gaudiosa, mama wa Kitanzania anayewapikia ugali wageni wa Sanyuanli. Akaunganisha simu na televisheni. Kule nyumbani dada yake, Dorothea, alikuwa ameshika simu. Mzee Adrian akaonekana amepiga goti nyuma ya mfuko wake wa mchanga, peke yake, maana wenzake wote walipiga wakiwa wamesimama.

"Mtazameni sasa," Protas akasema, kifua mbele.

Mzee akavuta triga. Kimya. Watu kule wakacheka.

"Fataki mbovu hiyo!" Protas akaifokea televisheni. "Badilisha!"

Mzee akabadilisha. Kwa kuwa tundu sasa linatazama chini, ile fataki mpya ikadondoka kwenye nyasi, na mshindi wa mara tatu akatambaa kuitafuta kwa vidole mbele ya kijiji kizima. Akaipachika tena, akalenga, akavuta. Kimya. Mwamuzi akamwambia kwa heshima kwamba muda wake umekwisha. Ndipo mpinzani wake mmoja akaja, akainama, akaonyesha kwa kidole. Nyundo ilikuwa imebanwa na mfuko wa mchanga. Ingepigaje, na haina nafasi hata ya kujikuna?

Kwenye video zote wale wazee wa kofia huweka mfuko mbele kabisa, karibu na mdomo wa mtutu. Protas amezitazama video hizo mara mia tano. Alikuwa anatazama nyundo tu.

"Papa Protas," Henriette akauliza, "weye ukipigaka, mufuko unawekaka wapi?"

Uso wa mzee ulikuwa umeijaza televisheni. Alikuwa ameichukua simu mwenyewe.

"Shikamoo, baba. Fundi amekosea, mimi nilimwelekeza..."

"Marahaba. Fundi hana kosa. Protas, umewahi kupiga gobore?"

Gaudiosa akaacha kuosha masufuria. Protas angeweza kuikata simu na kusingizia VPN. Kila mtu pale angemwelewa. Hakuikata, na hilo pekee tumpe.

"Sijawahi, baba."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nakutoa nyuma ya jiko."

"Sasa kwa nini ulikubali iharibiwe?"

Mzee akajifuta baruti ya kidoleni kwenye shati. "Miaka yote uliyokaa huko ulikuwa unapiga simu Krismasi. Dakika mbili, hujambo, sijambo, umekata. Ulipoanza mambo ya nyundo ukawa unapiga kila Jumapili, saa nzima. Nikaona nikikukatalia moja kwa moja, utaacha kupiga."

Hata Henriette aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

"Basi, ya nyundo yamekwisha," mzee akasema, wala hakuwa na hasira. "Tuzungumze mengine."

Protas akafungua mdomo. Mtu aliyeweza kuhubiri mpaka jioni juu ya kipande cha chuma kisichozidi kidole alisimama mbele ya televisheni, akitafuta neno moja la kumwambia baba yake. Mzee Adrian alikuwa anamtazama, simu karibu na uso, kama wazee wanavyoshika.

"Huko... mvua imenyesha?"

"Imenyesha," mzee akasema, na akaendelea kusubiri.