Kinanda Ndani ya Nyumba ya Matanga

Arobaini ya Svetozar ilipopita, mjane wake Dobrila alitoa pikipiki ya marehemu bandani, akaipangusa vumbi, akaikokota hadi upande wa pili wa mji kwa Milun, mpiga kinanda wa harusi aliyestaafishwa na mgongo.

Dobrila alikianza kinanda ukubwani. Mjukuu wake alipohamia Vienna na wazazi wake, aliacha kinanda chake kidogo cha plastiki cha watoto, na bibi mtu akajifunza kwa sikio, akitafuta moja moja zile ngoma za duara alizozicheza usichanani. Svetozar, mstaafu wa reli, hakutaka kusikia. "Nyumba hii si kilabu," alisema. Basi Dobrila akawa anapigia stoo, katikati ya mitungi ya pilipili, sauti ameishusha mpaka inanong'ona. Tena vitufe vyenyewe vilikuwa vichache. Kila wimbo uliposhuka kwenye besi, mkono wa kushoto ulikosa pa kushika, ukabaki kugonga ubao wa meza. Kisha mumewe akaugua. Alimuuguza miaka minne, akimgeuza, akimlisha, akimwosha, na hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Milun alikifunua kinanda chake cha zamani, kirefu kama benchi. Dobrila hakukimbilia kupiga wimbo. Alibonyeza vitufe kimoja kimoja toka chini hadi juu, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Kimoja cha juu kilinata.

"Hicho kilimwagiwa pombe kali ya rakija harusini," Milun alisema. "Kisugue kwa pamba yenye spiriti."

"Na kikikataa?"

"Kichape. Lakini shemeji, watu watasema. Mwaka bado."

"Watu wananisema tangu nizaliwe. Pikipiki unaitaka au huitaki?"

Milun akaitaka.

Dobrila alikiviringisha kinanda kwenye blanketi, akakilaza juu ya toroli ya kuazima, akashika barabara kuu. Angeweza kuzungukia nyuma, kando ya mto, asionwe na mtu. Hakuzunguka. Alipita mbele ya kanisa, akapita duka la mikate, akafika kwenye mgahawa ambako wanaume walikuwa wameketi nje na kahawa zao. Waliutazama ule mzigo mrefu uliofunikwa.

"Dobrila, umemfukua?" mmoja aliuliza.

"Hapana," alijibu bila kusimama. "Huyu nikimgusa anajibu."

Wakainamia vikombe vyao wakicheka, na yeye akaendelea kusukuma.

Jua halijatua, wifi yake Radojka alikuwa mlangoni. Alimkuta amekaa mbele ya dirisha lililo wazi, amevaa nyeusi toka kitambaa hadi soksi, anapiga.

"Wifi, hii ni nyumba ya matanga."

"Najua. Matanga ni yangu."

"Udongo wa kaburi la kaka yangu haujakauka, wewe pikipiki yake umeibadilisha kwa ngoma?"

"Kaka yako nilianza kumlilia akiwa hai, huku nimembeba kwa mikono hii. Wewe ulikuwa unaleta keki Jumapili."

Radojka alibadilika uso. Alitazama barabarani, akashusha sauti. "Basi angalau funga dirisha."

"Nimefunga vya kutosha. Nyeusi nitaivaa mwaka mzima, kwa heshima yake. Vidole ni vyangu."

Radojka akaapa kwamba kwenye kumbukumbu ya nusu mwaka hatakanyaga pale. Dobrila alisikia lango likibamizwa, na maneno yale yalimchoma, kwa kuwa wawili hao walikuwa wamepika pamoja tangu Dobrila alipoletwa pale kama bibi harusi. Hata hivyo hakumfuata. Alirudia wimbo toka mwanzo, maana mkono wa kushoto ulikuwa umepotea njia.

Nusu mwaka ilipofika, Radojka hakuja kweli. Dobrila alichemsha ngano ya kumkumbuka marehemu, akaiponda na njugu na sukari, akaipeleka makaburini, akawasha mshumaa, akamimina divai udongoni. Alilia sana, hakujificha. Nyumbani aliwaandalia majirani, na walipokwisha kula, bibi Stojna wa nyumba ya pili akauliza, "Kweli unapiga?"

"Napiga."

Akakaa kinandani na nyeusi yake. Wanawake wawili walichukua mikoba wakaondoka. Watatu walibaki, na bibi Stojna akawa anatikisa mguu chini ya meza akidhani haonekani.

Jioni hiyo Dobrila alipakua sahani ya ngano, akamwomba bibi Stojna aipitishe kwa Radojka. Kesho yake aliikuta sahani juu ya nguzo ya lango. Imeoshwa ikang'aa, lakini haina kitu ndani, hata tufaha moja. Chombo kurudi kitupu ni tusi, na kila mtu pale mtaani alijua hivyo. Dobrila aliigeuzageuza mikononi.

"Amekula, lakini," alisema peke yake, akaiweka kabatini, akarudi kwenye kinanda.