Mama Miezi Sita, anayehesabu safari za watu kwa ngumi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Geti la ofisi ya pasipoti limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi bado anapiga mswaki. Upande wa pili wa barabara, mwanamke wa miaka hamsini na nane anatundika shuka jeupe kwenye misumari miwili ukutani, analivuta mpaka mikunjo iishe, kisha anapangusa kiti cha kupigia picha. Mezani kuna kamera, gundi, mkasi, mashine ndogo ya kutoa nakala, na kitambaa kikavu kilichokunjwa vizuri.

Kitambaa hicho ni cha mikono yake. Hagusi pasipoti ya mtu kabla hajajifuta.

"Wewe ukishika mtoto mchanga, si unanawa kwanza?" anauliza. "Basi na kitabu hiki cha safari ni hivyohivyo. Kikiumwa, familia nzima inalala njaa."

Watu wa mtaa huu wanamwita Mama Miezi Sita. Riziki yake ni picha na nakala, na siku ikiwa nzuri anapata wateja ishirini. Lakini kilichomjengea jina hakilipiwi hata senti. Kila anayekaa kwenye kiti kile, awe amekuja kwa picha tu, huombwa atoe pasipoti za wote anaosafiri nao. Mama huyu huzikagua moja moja, bure, kabla ya kugusa kamera.

Wengine hukasirika. Jumanne moja mwezi Juni, mzee mmoja fundi seremala, mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi, alikasirika kabisa.

"Mama, tumekuja kupiga picha, hatukuja kupekuliwa."

"Najua, mzee wangu. Mnasafiri wangapi?"

"Wanne. Mimi, mkaza mwanangu huyu hapa, na wajukuu wawili. Tunakwenda kumwona mwanangu. Ana miaka saba huko hajarudi."

"Basi nipe vitabu vinne. Ukishakasirika tutapiga picha. Na kwenye picha utatoka vizuri, maana umeshakunja uso, na pasipoti haitaki tabasamu."

Mkaza mwana akacheka kwa pembeni, akatoa pasipoti kwenye mkoba. Safari ilikuwa tarehe nane Julai, kurudi tarehe tano Agosti. Mume wake alikuwa amepewa nyumba na mwajiri kwa wiki hizo nne tu. Zikipita, nafasi nyingine ni baada ya miaka miwili. Na kulikuwa na jambo moja ambalo mkaza mwana alilisema polepole, akimshika binti yake begani: mtoto ana miaka sita, na baba yake hajawahi kumbeba. Aliondoka mimba ikiwa ya miezi miwili. Wanajuana kwa kioo cha simu.

Mama Miezi Sita alichukua kitambaa. Alijifuta mikono.

Anayemwona akifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza husahau shida zake. Anakishika kitabu kwa mgongo, anakiacha kifunguke chenyewe, anasikiliza kama karatasi imelegea. Anapitisha kidole gumba pembeni, kurasa zinapita frrr, naye keshajua ngapi ni tupu. Anaangalia jina, anaangalia la tiketi. Ndipo anasoma tarehe ya mwisho, anafumba macho, anakunja ngumi ya kushoto, na kidole cha kulia kinaanza kutembea juu ya vifundo: kifundo ni mwezi wa siku thelathini na moja, bonde ni mwezi mfupi. Hana kalenda mezani. Anasema kalenda hupeperuka, ngumi haipeperuki.

Ya mzee ilikuwa sawa. Ya mkaza mwana sawa. Ya mjukuu wa kiume, mwenye miaka kumi na mmoja, ilikuwa mpya ya mwaka jana.

"Ya kwanza ililiwa na panya," mvulana akaeleza.

Ya msichana ilikuwa na picha ya mtoto wa mwaka mmoja, kichwa kitupu kama yai. Walimchukulia kitabu wakati ule baba alipodhani angewaita mapema. Kidole kikatembea juu ya vifundo, kikafika mwisho, kikarudi, kikatembea tena. Mama Miezi Sita akafumbua macho.

"Hii ya mtoto haiendi."

"Haiendi vipi?" mzee akauliza. "Inaisha Januari. Sasa hivi Juni. Mimi sikusoma sana, lakini Januari naijua."

"Inaisha tarehe ishirini na moja Januari. Huko mnakokwenda wanataka siku utakayotoka kwao, kitabu kiwe na miezi sita mbele. Mnatoka tarehe tano Agosti. Miezi sita ni tarehe tano Februari. Zimepungua siku kumi na tano."

"Wakala wa tiketi alisema iko sawa," mkaza mwana akasema, sauti imeshuka.

"Alihesabu kuanzia siku ya kwenda, mwanangu. Wote wanahesabu hivyo, kwa sababu mtu akipanga safari anawaza kwenda. Kurudi hakuwazi. Na wazazi wanaangalia vya kwao, vya miaka kumi, wanasahau kwamba cha mtoto ni cha miaka mitano. Mngefika kaunta wanne, wakapita watatu."

Mzee seremala alikaa kwenye kiti cha picha bila kuambiwa. Alimtazama mjukuu wa kiume kwa muda.

"Kumbe yule panya alikuwa na akili kuliko sisi," akasema. "Laiti angekula na ya dada yake."

Mama huyu hakujifunza haya darasani. Shule aliishia darasa la nne. Alijifunza kwa ufagio.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa mfagizi katika ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege. Hakuna anayemwona mfagizi, na kwa hiyo mfagizi husikia yote. Kila siku alisikia makarani wa kaunta wakirudia maneno yaleyale, miezi sita, miezi sita, na kila siku akaona mabegi yakirudishwa chini kutoka kwenye mizani. Akisikia jina la nchi, anakwenda stoo, anaandika nyuma ya boksi la sabuni: hii inahesabu kuanzia siku ya kuingia, hii siku ya kutoka, hii inataka mitatu tu. Maboksi yale ndiyo leo madaftari matatu yaliyo chini ya meza yake.

Siku iliyombadilisha, ilikuja familia yenye mapacha wa miaka minne. Kitabu cha pacha mmoja kilipungua siku tisa. Baba akaondoka na mmoja, mama akabaki na mwingine, na wale watoto wakapungiana mikono kupitia kioo mpaka mmoja akapotea kwenye kona. Mama yao alikaa chini, palepale kwenye vigae, mpaka adhuhuri.

"Mimi nilipiga deki kumzunguka," anasema. "Sikuweza kumwambia anyanyuke. Nilipiga deki ukumbi mzima nikaacha duara pale alipokaa."

Kesho yake alikwenda kwa mkubwa wa uwanja, akaomba kitu kimoja: kibao. Maneno machache tu ukutani, watu waelewe kabla hawajafunga mabegi. Mkubwa hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Kazi yako ni kufagia," akamwambia.

Akaandika mwenyewe kwenye boksi, akabandika mlangoni. Boksi lilidumu siku mbili. Akabandika jingine, akahamishiwa vyooni. Ndivyo walivyo wakubwa wetu: ukileta jawabu, wanauliza nani kakutuma. Alifanya kazi vyooni miezi minane, kisha akaacha, na kwa kiinua mgongo chake akanunua kamera na shuka jeupe. Hiyo ni miaka tisa iliyopita.

Tangu hapo ameandika mstari mmoja kwenye daftari kwa kila familia aliyoizuia isiende kuaibika kaunta. Kufikia Jumanne ile mistari ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Mia nne na kumi na mbili, kwa ngumi ya mwanamke wa darasa la nne. Ndani ya geti, kwenye ukumbi wa kusubiri, kuna picha saba za wakubwa wakipeana mikono na wakubwa wenzao. Juu ya miezi sita hakuna hata mstari. Mkuu wa ofisi alipoulizwa na gazeti hili alijibu kwamba taarifa zote ziko kwenye mtandao. Siku hiyo mtandao wao ulikuwa haufunguki.

Jumanne ile zilibaki wiki tatu. Pasipoti mpya inachukua siku kumi za kazi, wakiamua kusema kweli. Mzee seremala alikwisha simama kwenda kupanga foleni, Mama Miezi Sita akamshika shati.

"Kaa, mzee. Mtoto hapati kitabu bila baba na mama kuweka sahihi. Baba hayupo. Lazima aende ubalozi wetu wa huko, aandike barua ya ridhaa, igongwe muhuri, waitume hapa. Ukienda dirishani bila hiyo watakuzungusha siku mbili ndipo wakwambie."

Simu ikapigwa. Baba wa mtoto akapokea, nyuma yake mashine zinanguruma.

"Mke wangu, nitakupigia. Niko kazini."

"Kitabu cha mtoto hakifiki. Siku kumi na tano."

"Wakala kaniambia kiko sawa. Tiketi nimeshanunua. Nani anasema hakifiki?"

Mama Miezi Sita akaiomba simu. "Mimi, baba. Mpiga picha wa nje ya geti. Hunijui. Ubalozi uko mbali na hapo ulipo?"

"Saa tano kwa basi. Na msimamizi hatoi ruhusa kirahisi."

"Saa tano kwa basi. Na mwanao ana miaka sita. Pima mwenyewe."

Binti alikuwa amesimama karibu, anaangalia simu, si mama yake.

"Baba," akasema, "kwenye picha yangu sina nywele. Hata wangeniruhusu usingenijua."

"Ningekujua," sauti ikasema. Kisha ikasema: "Kesho naenda. Wanifukuze wakitaka."

Aliyewahi kuondokewa anajua kwamba "mwaka kesho" si ahadi ya kumpa mtu. Baba wa mtoto alikwenda kesho yake. Barua ilifika Alhamisi, na Ijumaa mtoto alipigwa picha mbele ya shuka jeupe, nywele zimesukwa mistari sita, kidevu juu.

Siku ya kumi ya kazi iliangukia Ijumaa, tarehe nne Julai. Mkaza mwana alikaa ndani mpaka wanafunga, akaambiwa mashine ya kuchapia imeharibika, arudi Jumatatu. Ndege ilikuwa Jumanne. Mzee alifika mezani kwa Mama Miezi Sita akiwa amelowa jasho kama aliyevunja gogo.

"Sasa ngumi yako inasemaje?"

"Ngumi yangu inahesabu miezi, mzee wangu. Mashine zao hata Mungu anazihesabu kwa shida. Lakini tuje Jumatatu."

Jumatatu, tarehe saba, mzee seremala, mkaza mwana na watoto walikuwa pale kabla ya shuka kutundikwa. Mkaza mwana akaingia ndani na wa kwanza. Saa nne, hakuna. Saa sita, dirisha likafungwa kwa chakula. Mvulana akalala kwenye mapaja ya babu yake. Saa nane na nusu mkaza mwana akatoka getini, akavuka barabara, na mkono wake ulikuwa umeshika kitabu kipya kifuani kama mtu aliyebeba maji bila chombo.

Mama Miezi Sita alijifuta mikono. Akakifungua, akasoma jina, akasoma tarehe, akakunja ngumi japo hapakuwa na haja. Kisha akamrudishia mwenye nacho, yule binti, si mama yake. Mzee seremala aligeuka ukutani, akapangusa vumbi machoni, ingawa siku hiyo hakuwa ametoka karakana.

Daftarini ukaongezwa mstari wa mia nne na kumi na tatu.

Wakati wa kuagana, binti akauliza swali ambalo kwa miaka tisa hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

"Na cha kwako kiko wapi, bibi?"

Kumbe anacho. Akakitoa chini ya madaftari, ndani ya mfuko wa nailoni. Ni cha pili. Cha kwanza kilimaliza miaka kumi bila muhuri hata mmoja. Hiki alikichukua siku alipoacha ufagio. Kurasa zote tupu, safi, karatasi inalia kama mpya.

"Nikiondoka siku tatu, nani atakaa hapa?" alieleza. "Nilijiwekea kwamba siku watakayotundika kibao ndani, nami nitasafiri. Nimepeleka barua tatu. Kibao hakijaja."

Binti alikuwa ameshakishika. Alijifuta mikono kwenye gauni kwanza. Akatafuta tarehe, akamwuliza kaka yake inasomekaje, akakunja ngumi yake ndogo na kuanza kutembeza kidole kwenye vifundo, midomo ikitaja miezi. Watu wazima watatu walimngoja.

"Kinaisha Juni ya mwakani, tarehe saba. Ukitoa miezi sita, inabaki Desemba, tarehe saba." Akainua macho. "Bibi, una miezi mitano tu. Na lazima uwe umesharudi."

Mama Miezi Sita alicheka, halafu akaacha kucheka. Kwa umri wote huu amewahesabia wengine.

Juma lililopita alikuwa na boksi la sabuni lililokatwa vizuri, ameanza kuandika juu yake kwa wino mweusi: HESABU MIEZI SITA KUANZIA SIKU YA KURUDI. ANGALIA NA CHA MTOTO. Mlinzi amekubali lifungwe kwenye nguzo ya geti, na ameapa kwamba atakayeling'oa atamtambua. Litakaa hapo Novemba, siku tatu, meza ikiwa haina mtu.

Kuhusu nchi, hakusumbuka kuchagua. Atakwenda ile ya karibu, ya dakika hamsini angani, alale usiku mmoja, arudi. Huko hana ndugu wala shughuli.

"Sikiliza," anasema, akilikunja shuka lake jeupe. "Ile sakafu nimeipiga deki miaka kumi na minne. Najua kila kigae kilichopasuka. Nataka siku moja niikanyage naenda mbele, nifike kaunta, nitoe kitabu, yule karani afungue, ahesabu, aniambie: pita."