Nilivyoahidi Kisima kwa Kihispania

Wanawake wa Suna walikipigia vigelegele kisima nilichokibuni mimi, nikiwa nimesimama kando ya mgeni kutoka Hispania.

Mwezi mzima nilikuwa nikijifunza Kihispania kwa kitabu kikuukuu, na nilikuwa nimeweza kitenzi kimoja tu, tena cha wakati ujao: construiré, nitajenga, construirá, atajenga. Nilikikariri kwa majivuno mbele ya walimu wenzangu, hadi mwalimu mkuu akanifanya mkalimani.

Mgeni alizungumza kwa kasi. Sikuambulia kitu. Lakini wageni wa mikutano yetu kazi yao ni kuahidi, basi nikatafsiri: "Atajenga zahanati. Atatuchimbia kisima."

Min Achieng, mwenyekiti wa kina mama wanaoteka maji mtoni, akasimama. "Mwalimu, muulize ataanza lini."

Kabla sijafungua mdomo, mtawa wa Homa Bay aliyesomea Hispania akainuka kule nyuma. "Mwalimu, mgeni ameshukuru kwa kuku. Basi."

Watu waliangua kicheko. Min Achieng hakucheka wala hakuketi. "Haya, mwalimu. Wewe utatuchimbia lini?"

Jumatatu kina mama walileta majembe shuleni. Yako darasani mwangu mpaka sasa.