Kikaratasi cha Kichaka cha Kahuzi

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, ikiwa bado changa, tuliruka kamba kando ya kuta za jela ya zamani, tukala nsima, ugali wa wenyeji, huku tukitaja sombe, kisamvu cha kwetu Bukavu, mpaka midomo ikachoka.

Papa, baba yangu, alikuwa ameokoa kitu kimoja tu: daftari la mimea aliyoikausha zamani, alipofanya kazi mlimani Kahuzi. Ukurasa alioupenda ulikuwa wa kichaka kifupi alichokiita bruyère, kwa Kifaransa. Alitufundisha kukitambua: kinatambaa juu ya mawe, majani membamba kama sindano, kingo zimekunjwa kwa ndani, maua kama vikengele. "Lakini jani linaweza kukudanganya," alisema. "Soma kwanza fasi." Fasi, yaani mahali, iliandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini: Kahuzi, juu kuliko mianzi, penye ukungu na baridi.

Siku moja akasikia ofisi fulani Lilongwe inatafuta mkusanyaji wa mimea. Wiki nzima alitembea kama mtu aliyepona homa. Mimi, msichana wa miaka tisa, nikawaza: watamtaka vipi, na mimea yake yote ni ya Kongo? Asubuhi ya safari, papa akioga, nilibandua kile kikaratasi nikabandika changu, kwa hati yangu nzuri kabisa: Dzaleka, karibu na bomba la maji.

Alirudi jioni, viatu vyekundu kwa vumbi. Mkubwa wa ofisi alikuwa amesoma kikaratasi changu, akacheka, kisha akafunga daftari. Eti kichaka cha mlima wa baridi kiote bombani? Anayedanganya mahali pa mmea mmoja ataaminiwa kwa upi?

"Njo we uliandika?" papa akaniuliza.

"Mi nilitaka bakupatie kazi, papa."

Mama akaruka. "Si ungebaambia ni mutoto!"

"Niseme mutoto wangu njo mwongo? Kwa bantu hata habatujui?" Akavua viatu. "Mama, acha nipumzike."

Hakuomba tena kazi ya mimea. Alishona nguo za watu, mgongo ukapinda.

Siku hizi vijana wanaelekeza simu kwenye jani, na jina linakuja kabla hawajainama. Wanatucheka sisi tuliojifunza kwa vidole, na sina nguvu ya kubishana. Wana jina, picha, hata urefu wa mlima. Sisi tulikuwa na mtu aliyepanda kwa miguu yake kwenda kukitazama kichaka, na mimi nikamnyamazisha kwa mstari mmoja wa kalamu.