Kitako cha bunduki na mkono wangu wa kushoto

Leo nimemwamkia mtu shikamoo huku natamani kumrushia randa.

Ni baba mdogo wangu, hapa hapa Mogitu.

Kitako cha bunduki ya nyumbani kilipasuka. (Leseni ipo, wenye maswali mpoe.) Nikaamua kuchonga kingine mwenyewe, cha mninga. Mimi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo nikakichonga kikae bega la kushoto, na nundu ya kuegemezea shavu.

Leo narudi kutoka mnadani Basotu, nundu hakuna! Maranda yamejaa uani.

"Nimekunyooshea," anasema baba mdogo, randa mkononi. "Kushoto ni mkono wa chooni. Marehemu baba yako angeona aibu."

Jamani. Baba ndiye aliyenifundisha kulenga. Kwa kushoto.

Nikamwamkia shikamoo. Ni mkubwa wangu.

Akanyoosha mkono tuagane.

Nikampa wa kushoto.

Akauangalia, akaondoka bila kuugusa. Sasa ukoo mzima unanipigia simu, eti nikaombe radhi.

Ungekuwa mimi ungeenda?

Mimi nitaenda siku atakayoniletea ile nundu mkononi.

Mkono wowote.