Eropleni ya Shamba la Mtama

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakunionyesha meza wala msumeno. Aliniwekea kiganjani injini ndogo akasema, "Kijana, hii ikikaa vibaya, mbao zote ulizochonga ni kuni." Karakana yetu pale Bariadi ilitengeneza vifaa vya kufundishia shuleni, zikiwamo eropleni za mbao zinazoruka kweli. Enzi zile za vijiji vya Ujamaa, aliyejua kazi hiyo alijiona. Mimi nilijiona kupita kiasi.

Nyinyi vijana mnadhani injini hufungwa ikitazama mbele moja kwa moja. Eropleni yetu iliruka kwa kuzunguka, imeshikwa kwa nyuzi mbili za chuma na mtu aliyesimama katikati. Kwa hiyo injini tuliifunga kwenye bamba la mbele ikitazama nje kidogo ya duara, ili ivute nyuzi zisilegee. Tulipachika washa nyembamba, vile visahani vya chuma vyenye tundu, nyuma ya miguu ya injini, upande unaomwelekea mshika nyuzi, kisha tukakaza bolti moja baada ya nyingine. Washa zikizidi, eropleni inakwenda upandeupande. Zikipungua, nyuzi zinalegea na chombo kinakurudia usoni. Mafuta tulichanganya wenyewe: ya taa, ya nyonyo, na etha ya kuomba hospitali.

Bwana Shamba wa Wilaya alipoisikia ikinguruma, akapata wazo. "Hii itafukuza ndege kwelea kule kijijini Bukundi."

"Mzee, inaruka dakika chache tu," Mkuu wangu akamjibu.

"Zinatosha. Viongozi wanataka kuona."

Nikapelekwa Bukundi. Pamba ilikuwa imeharibika mwaka ule, na mtama wa shamba la kijiji ndio uliokuwa chakula cha watu wote. Nilifikia kwa mjane aitwaye Kwangu, ambaye wote walimwita Mayu, yaani mama; ndiye aliyeongoza wanawake wa kuamia ndege. Tangu alfajiri walisimama juu ya madungu wakipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, ndege wasitue. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele. Jioni aliniwekea ugali akiniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, kidude chako kimepona?"

"Bado kidogo, mayu."

Yeye alikuwa ameshinda juani, mimi nimeshinda kivulini napachika washa na kuzitoa. Niliona haya kidogo. Haikunizuia kula.

Siku ya maonyesho, Bwana Shamba aliamuru, "Akina mama washuke wote! Mashine ionekane ikifanya kazi peke yake."

"Na upande wa kule mtoni nani atalinda?" Mayu Kwangu akauliza.

"Mama, subiri uone maendeleo."

Wakashuka. Mimi, nawaambieni ukweli, nilifurahi, kwa sababu madebe yangenizuia kuisikia injini.

Injini haijapata kukaa vizuri namna ile. Nyuzi zilikaza kama kamba ya ng'ombe anayekataa zizi. Kwelea wa karibu walitimka, viongozi wakapiga makofi, kijiji kizima kikainua nyuso juu. Mafuta yalipokwisha, eropleni ikatua taratibu, makofi yakakoma. Hapo ndipo tukasikia mvumo kama wa mvua, na jua lilikuwa linawaka. Ulitoka upande wa mtoni. Wanawake walikimbia na madebe yao, na kundi lilipoinuka lilifunika kilima. Masuke yaliyoachwa na ndege yalikuwa matupu.

Jioni ile Mayu Kwangu aliniwekea ugali kama kawaida. Nikamwambia, "Mayu, leo sistahili."

"Kula, ng'wanone. Kimeruka vizuri," akasema kwa ile sauti iliyokauka. "Hata mimi nilikuwa natazama."

Angenitukana ningeshukuru. Ugali niliumeza, haya ile sijaimeza mpaka leo.

Bwana Shamba alinisifu mkoani, nikapandishwa cheo. Nikawa msaidizi wa Mkuu, kisha Mkuu mwenyewe, nikafundisha wengi kukaza bolti. Siku ya kuniaga nilipostaafu, msemaji alisimama akatangaza, "Huyu ndiye aliyerusha eropleni Bukundi!" Ukumbi mzima ukapiga makofi kwa nguvu. Mimi niliinamisha kichwa, nikisubiri yakome, nikisikiliza upande wa mtoni.