Mlima wa Upande wa Pili

Jumatano, siku tatu kabla ya jumba dogo la makumbusho la mjini Nyeri kufunguliwa, Ntinyari alisimama mbele ya ukuta wa mita kumi na moja, akavuta pumzi ndefu kwa mara ya kwanza tangu Januari. Vipande vyote kumi na viwili vya picha vilikuwa vimebandikwa. Chini mashamba ya kahawa na mabati ya mtaa wa Ruring'u, juu yake msitu mweusi, na juu ya yote mlima, theluji yake imeguswa na alfajiri.

Fundi Wamae, aliyekuwa akibandika, alishuka ngazi, akarudi nyuma hatua tano, akainamisha kichwa kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Mama Mburugu, hii mlima ni ya nani?"

"Ya Mungu. Maliza kazi."

"Ati ya Mungu. Hii ni ya kwenu Meru. Yetu haikai hivi. Kale kajino kadogo ka kilele kako huku." Alinyoosha mkono kulia. "Wewe umekaweka kushoto."

Ntinyari akacheka. "Fundi, umenusa gundi mingi."

"Mimi nimezaliwa nikiona hiyo mlima. Mama yangu akiomba anaiangalia, mimi niko mgongoni. Miraa mko nayo, chai mko nayo, sasa mnataka na mlima?"

Ntinyari aligeukia dirisha ili amalize ubishi. Lakini ilikuwa saa nne, na mlima ulikuwa umejifunika tangu saa mbili, kama kawaida yake. Nje kulikuwa na wingu tu, zito na jeupe, mpaka juu ya paa. Hapakuwa na la kumwonyesha Wamae, wala la kujionyesha yeye mwenyewe. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Nkubu, upande wa pili wa mlima huohuo, na utotoni kila asubuhi alipopeleka ng'ombe mtoni, kilele kidogo kilisimama kushoto. Alipokuwa msichana alifundishwa kazi katika studio ya picha mjini Meru: kusafisha nyuso za maharusi kwa brashi ya nywele tatu, chunusi moja baada ya nyingine. Mume alipofariki alihamia Nyeri na mwanawe Mburugu, akaajiriwa na Dawud, mwenye studio karibu na msikiti. Dawud aliponunua kompyuta na skana, miaka miwili iliyopita, wanawe mwenyewe waliikimbia ile mashine. Ntinyari aliketi nayo. Watu wakaanza kumletea picha za marehemu zilizoliwa na mende, naye akawarudishia nyuso. Ukuta huu ulikuwa kazi yake ya kwanza kuandikiwa jina. Kibao kilikuwa tayari, kimeegemezwa pembeni: Picha ni ya Ntinyari Gatobu.

Mlima alikuwa ameupiga picha kivyake, kwa lenzi ndefu, kisha akauunganisha na mashamba ndani ya kompyuta. Je, ile negativu ya filamu aliilaza upande gani kwenye skana? Ikilazwa kinyume, kushoto huwa kulia. Aliuuliza mkono wake, mkono haukukumbuka. Kazi ya kukagua ilikuwa ya jicho, na jicho lake lilikuwa la Nkubu. Kama mlima uligeuka, jicho lile lingeupokea kama mtu anayefika nyumbani.

Alhamisi kabla ya jua kuchomoza alikuwa amesimama barabarani Ruring'u, leso mabegani, akingoja. Mlima ulijitokeza polepole, bega kwanza, kisha theluji, kisha kilele kikubwa. Kile kidogo kilikuwa kulia. Miaka kumi alikuwa ameishi chini yake bila kuuona.

"Nani atajua?" Dawud alimwuliza studio ilipofunguliwa. "Bwana Muriithi mkurugenzi wa makumbusho ameiona, akapiga makofi."

"Wamae amejua."

"Wamae ni mtu mmoja."

"Baba Jannat, kila atakayeingia mle ndani ni Wamae."

Dawud alizungusha kofia yake mkononi. "Ile karatasi ya kuchapia, binti yangu, Nairobi imebaki ya vipande vinne tu. Ukikosea hata kimoja, hakuna kingine."

"Mlima uko katika vipande vinne."

Walipomweleza, Bwana Muriithi hakupandisha sauti, na hilo lilimtia Ntinyari hofu zaidi. "Jumamosi saa nne wageni wako hapa," alisema. "Nikikuta shimo ukutani, hicho kibao chako usikitafute."

Wamae alitaka kubandua siku ileile ili ukuta upate kukauka. "Nikivuta, zimeraruka. Hakuna kurudi, Mama Mburugu."

"Vuta."

Ntinyari hakungoja kusikia karatasi ikichanika. Kwenye kompyuta aliugeuza mlima, na hapo ndipo alipoona shida yenyewe. Bega refu la mlima lilikuwa limehamia upande mwingine, nao msitu ulioachwa ukutani haukukutana nalo tena. Palibaki pengo kila upande. Mashine ilikuwa nzito. Kila amri ilichukua dakika nyingi, mstari wa buluu ukitambaa kama konokono, naye akiitazama taa ya dari kila ilipotetemeka. Stima ikikatika, siku imekwenda. Saa nane mchana aliacha kulivuta bega. Akachukua wingu kutoka picha nyingine, akalitandaza juu ya mapengo kidogo kidogo, kwa mkono uleule wa brashi ya nywele tatu. Hata mlima wenyewe hufanya hivyo.

Ijumaa alikuwa Nairobi, ameikodolea macho printa kubwa ikitema kipande baada ya kipande, asithubutu kukohoa. Jioni alirudi na bomba la karatasi, amelilaza mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Jumamosi asubuhi Nyeri ilikuwa baridi, na gundi haikutaka kushika. Vipande vitatu vilikaa. Cha nne kiliinuka ukingoni, pale bega lilipoingia wingu. Wamae alikisugua, kikainuka tena. Magari yalikuwa tayari uwanjani. Ntinyari aliweka kiganja juu ya ule ukingo, akakandamiza, na milango ikafunguliwa.

Hotuba ilikuwa ndefu. Mkono ulianza kumfa ganzi. Bwana Muriithi alipofika kwenye shukrani aliita, "Ntinyari, njoo mbele watu wakuone!"

Hakusogea. Watu wakageuka.

"Hawezi, bwana," Wamae alisema kutoka nyuma. "Ameshika mlima."

Walicheka, wakapiga makofi, wakadhani ni maringo ya msanii. Kisha wakaukaribia ukuta. Bibi mmoja wa kilemba alisimama hatua mbili kutoka kwa Ntinyari, akaukazia mlima macho. Ntinyari aliacha kupumua. Chini ya kiganja, karatasi ilikuwa bado ikivuta.

Macho ya bibi yalipita juu ya kilele kikubwa, yakapita juu ya kile kidogo, yakateremka msituni bila kukwama mahali. Akainama, akaanza kutembeza kidole juu ya mabati ya Ruring'u.

"Nyumba yangu iko wapi hapa?" akauliza. "Iko na mti wa mparachichi."

"Angalia chini kidogo, shosho," Ntinyari alimjibu, na kukandamiza tena.